Ukinunua nyumba ya kupangisha, anza na stakabadhi za pango

NYUMBA imekuwa benki ya Watanzania wengi. Mfanyakazi akilipwa kiinua mgongo, au mfanyabiashara akifunga mwaka vizuri, wazo la kwanza ni kununua nyumba Dar es Salaam na kuipangisha. Wazo hilo si baya. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi hukagua ukuta na bati, wakasahau kukagua biashara yenyewe.

Tuchukue mfano wa nyumba ya sehemu mbili inayouzwa kwa Sh. milioni 120. Dalali anasema kila sehemu inapangishwa kwa Sh. 350,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. milioni 8.4, yaani asilimia 7 ya bei. Hapo ndipo wengi huishia.

Lakini nyumba haikai na wapangaji mwaka mzima kila mwaka. Ondoa mwezi mmoja wa kila sehemu kukaa tupu, zinabaki Sh. milioni 7.7. Ondoa kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, kisha Sh. 800,000 za fundi bomba, rangi na kuvuta maji machafu. Zinabaki kama Sh. milioni 6.1, au asilimia 5 ya fedha zilizowekwa. Kwa kulinganisha, hati fungani ya Serikali ya miaka 25 mwaka 2022 ilitolewa kwa riba ya asilimia 12.56. Ni kweli nyumba inaweza kupanda thamani na hati fungani haina kiwanja, lakini mnunuzi ajue analipia matumaini hayo kiasi gani.

Kwa hiyo usikubali pango la mdomoni. Omba mikataba ya wapangaji na stakabadhi za malipo, kisha zungumza na wapangaji wenyewe. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Katika jiji hili pango hulipwa kwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Muuzaji anaweza kupokea pango la mwaka Januari na kuuza nyumba Februari. Mnunuzi anakabidhiwa funguo na wapangaji, lakini haoni hata senti hadi mwaka ujao. Katika mfano wetu, hiyo ni hasara ya Sh. milioni 7.7 kwa miezi kumi na mmoja. Pango lililokwisha kulipwa kwa miezi iliyobaki likatwe kwenye bei, na jambo hilo liandikwe katika mkataba wa mauziano.

Baada ya hesabu, njoo kwenye hati. Hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Angalia imebaki mingapi. Leseni ya makazi si hati miliki, ni haki ya muda mfupi, na bei yake haipaswi kulingana. Nakala anayokuonyesha muuzaji haitoshi. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ili kujua kama nyumba imewekwa rehani benki au ina zuio la mahakama. Dai stakabadhi za pango la ardhi. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa kupitia mita ya LUKU, hivyo angalia pia kama mita ina deni.

Kama ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mume au mke. Kama ni ya marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kukueleza historia ya nyumba, lakini muhuri wake hauchukui nafasi ya upekuzi.

Mwisho, nenda kwenye nyumba zaidi ya mara moja, na mara moja iwe wakati wa masika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakumba wakazi wa bonde la Msimbazi, na mwishoni mwa 2015 nyumba nyingi za bondeni zilibomolewa. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Alama ya X nyekundu ukutani haifutiki kwa kupaka rangi mpya. Ulizia majirani.

Wakili na mpima watakugharimu fedha kidogo ukilinganisha na bei ya nyumba. Muuzaji anayekuharakisha kwa kudai kuna mteja mwingine njiani, mwache amuuzie mteja huyo.