Kodi ya kurejeshewa: mwezi mmoja huanza kuhesabiwa lini?

Na Mwandishi Wetu

Wafanyabiashara wa Elegu, Mpondwe, Busia na Mutukula huulizana swali moja karibu kila mwezi: fedha za VAT zitarudi lini? Jibu la sheria ni fupi. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, inatakiwa kurejesha kodi iliyozidi ndani ya mwezi mmoja. Jibu la mpakani huwa refu kuliko hilo, na mara nyingi sababu ni kwamba mwezi huo hauanzi siku mtu anapolipa kodi dukani.

Kwanza tuangalie deni lenyewe linavyozaliwa. Uganda hutoza VAT ya asilimia 18. Bidhaa inayouzwa nje ya nchi hutozwa kwa kiwango cha sifuri, maana yake muuzaji hamtozi mteja wa Nimule au Kasindi hata senti moja ya VAT, lakini anaruhusiwa kudai ile aliyotozwa yeye aliponunua.

Tuchukue mfano wa mtu aliyenunua mabati ya shilingi milioni 20 mjini Kampala tarehe 2 Julai. Juu yake amelipa VAT ya shilingi 3,600,000. Mabati yamevuka Elegu wiki hiyo hiyo na mteja amelipa. Hesabu za Julai huwasilishwa kwa ritani ambayo mwisho wake ni tarehe 15 Agosti, na mwezi wa sheria huhesabiwa kuanzia hapo. Akichelewa kuwasilisha, unahesabiwa kuanzia siku aliyowasilisha. Kwa hiyo hata mambo yote yakienda sawa, fedha zilizotoka mfukoni tarehe 2 Julai zinaweza kurudi tarehe 15 Septemba, yaani baada ya siku 75.

Ndani ya siku hizo amekwisha kufunga mzigo wa Agosti na wa Septemba. Kama kila mzigo ni sawa na ule wa kwanza, shilingi 10,800,000 za mtaji wake ziko nje, na URA bado haijachelewa hata siku moja! Ikiwa faida yake kwa safari ni milioni mbili, basi kodi anayoisubiri inaizidi faida. Ndiyo maana wengine huacha kabisa kudai na kuiingiza VAT kwenye bei, kisha wanashangaa kuona mteja wa Juba amehamia kwa jirani.

Sasa tuje kwenye ucheleweshaji wenyewe. Unapodai kwamba uliuza nje, URA haitazami lori lako, inatazama kumbukumbu. Hati ya forodha ya kuuza nje huingizwa kwenye mfumo wa ASYCUDA, na mzigo unapofika mpakani afisa wa forodha anatakiwa kuthibitisha kwamba umetoka. Dereva mwenye haraka, anayetaka kuwahi soko la upande wa pili, huvuka bila kuhakikisha kwamba uthibitisho huo umeingizwa. Mabati yanaezeka nyumba Nimule, lakini kwenye kompyuta bado yako Uganda. Dai la namna hiyo litakaa mpaka mtu arudi mpakani kutafuta kumbukumbu za siku ile, na miezi inaweza kupita.

Mwenye mzigo afanye nini? Asimwachie dereva. Kabla ya kumlipa wakala wa forodha fedha yake ya mwisho, adai nakala ya uthibitisho wa kutoka na aiweke pamoja na ankara ya mteja, hati za usafirishaji na, kama zipo, barua au oda za mteja huyo. Kanuni za VAT zinataja ushahidi wa aina hiyo waziwazi.

Jambo la pili linawaumiza zaidi wadogo. Wengi hupitisha mizigo kwa namba ya mlipakodi, yaani TIN, ya wakala au ya rafiki mwenye kampuni, kwa sababu ni rahisi na ni haraka. Lakini marejesho humfuata yule ambaye jina lake liko kwenye hati. Fedha zako zikirudi kwa mtu mwingine, hapo umebaki na urafiki tu kama dhamana, na urafiki wa mpakani tunaujua.

Ankara nayo iwe sahihi tangu dukani. Mfumo wa ankara za kielektroniki, EFRIS, ulianza kutumika Januari 2021, na VAT ya manunuzi hudaiwa kwa ankara iliyotolewa humo. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu haisaidii, wala ankara isiyokuwa na TIN ya mnunuzi.

Vipi kuhusu wale wasiosajiliwa kwa VAT? Hao hawana mwezi wa kuhesabu. Mwaka 2015 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa kilipandishwa kutoka shilingi milioni 50 hadi milioni 150 kwa mwaka, na hivyo wachuuzi wengi walibaki nje. Wanalipa asilimia 18 ndani ya bei ya sabuni na mafuta ya kupikia, wanavusha, na habari imeishia hapo. Ndivyo ilivyo pia kwa mzigo unaopita njia za panya mgongoni mwa boda boda, usafiri ambao jina lake linasemekana kuzaliwa pale Busia kwa kuvusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Usipoandikwa popote, huwezi kudai popote. Anayevusha mahindi au maharage yasiyosindikwa asihangaike sana, kwani chakula cha aina hiyo kimesamehewa VAT tangu mwanzo.

Na anayenunua Kenya? Hapa watu hukosea sana. Kenya hutoza asilimia 16, na bidhaa iliyouzwa nje hupata kiwango cha sifuri huko pia, lakini mwenye haki ya kudai kwa serikali ya Nairobi ni muuzaji wa Kenya, si wewe. Ukinunua rejareja kwa bei ya kawaida na kubeba mzigo mwenyewe, umelipa 16 kule na utaombwa 18 huku. Mazungumzo ya bei isiyo na VAT, na hati ya kuuza nje kwa jina lako kama mnunuzi, hufanyika kabla ya kutoa fedha.

Kuna kodi nyingine ya kusubiri ambayo wengi huisahau: asilimia 6 ya zuio inayokatwa kwenye mizigo inayoingia Uganda, isipokuwa kwa wenye msamaha. Hiyo si hasara, ni malipo ya mapema ya kodi ya mapato. Lakini mwaka wa hesabu huisha 30 Juni, na ritani hupokelewa hadi 31 Desemba. Aliyekatwa Julai atasubiri karibu mwaka mzima kabla ya kuweza hata kuwasilisha hesabu zake za mwisho. Atunze stakabadhi kama hati ya shamba.

Waliorejea nyumbani kutoka ng'ambo wana saa yao nyingine. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamsamehe ushuru mkazi anayehamia nyumbani kwa vyombo vyake vya matumizi, na kwa gari moja alilolimiliki na kulitumia huko kwa muda usiopungua miezi 12. Aliyelipishwa kimakosa anaweza kudai, lakini dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu alipolipa. Ukipita muda huo, haki imekwisha hata kama kosa liko wazi.

Kisha kuna fedha walizoziacha walikotoka. Aliyerudi kutoka Dubai hana la kudai, kwani mshahara wake haukukatwa kodi ya mapato. Aliyeacha kazi Uingereza katikati ya mwaka hujaza fomu ya P85 kuijulisha serikali kwamba ameondoka, na huweza kudai kodi iliyozidi kwa miaka minne iliyopita. Marekani, idara ya kodi ya IRS husema ritani nyingi zilizotumwa kwa kompyuta hulipwa ndani ya siku 21, na zile za karatasi huchukua wiki sita au zaidi. Dai lisipotolewa ndani ya miaka mitatu, kwa kawaida hupotea.

Angalizo kwa wanaofungasha sasa: tangu 30 Septemba 2025 IRS ilianza kuachana na hundi za karatasi kwa walipakodi binafsi. Anayefunga akaunti yake ya benki ya Marekani siku moja kabla ya kupanda ndege, huku ritani yake ya mwisho bado haijalipwa, ameufunga mlango ambao fedha zake zingepitia.