Tela Lipi Lingefika Kitaya?

Mwaka 1990 Sheikh Hamad bin Hamdan Al Nahyan wa Abu Dhabi alijengewa nyumba ya kuvutwa na gari. Ina ghorofa tano, vyumba vinane vya kulala na mabafu manane. Magari manne yanaegeshwa humo humo ndani, na matangi yake yanabeba lita 24,000 za maji. Urefu wake ni mita 20, upana mita 12, uzito tani 120. Guinness wameiandika kuwa karavani kubwa kuliko zote duniani.

Haya, ilete Kitaya. Barabara zetu kuu za lami zina upana wa mita saba hivi, kwa hiyo nyumba ya Sheikh ingemeza njia yote na bado ikawapangusa walioko pembeni. Maji yake peke yake ni tani 24. Ingekwama kabla haijauona hata mto Rufiji, sembuse Ruvuma.

Nimeanza na hiyo kwa sababu anayetafuta tela la kulala la familia huanza huko huko: kubwa zaidi, lenye vyumba zaidi, lenye jiko na choo. Rekodi zinavutia, na hapa zimo kadhaa. Ila kila moja nitaipima kwa barabara ya kwenda Kitaya.

Kitaya ni kata ya Halmashauri ya Mji Nanyamba, bondeni mwa Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji. Ukitokea upande wa Nanyamba, kipande cha kwanza ni lami, kilomita 50 kutoka Mtwara mjini hadi Mnivata. Ukiacha lami unaingia kwenye vumbi na mchanga wa mikoroshoni, halafu unateremka bondeni. Kiangazi mambo ni mazuri. Kifuku kikishika, udongo wa bonde hunata kwenye tairi mpaka huoni tena meno yake. Matela yapo huko siku zote, ila ni yale ya pawatila na trekta, yanayotoka shamba na magunia, na juu ya magunia wamekaa watu. Kwa kazi ngumu, sijui tela la kiwandani litakaloyashinda.

La kwanza

Anayetajwa kuwa wa kwanza kutengenezewa tela kwa ajili ya starehe tu ni Mskoti, Dakta William Gordon Stables, na mwaka ulikuwa 1885. Ujanani alikuwa daktari katika jeshi la wanamaji la Uingereza, akatumikia meli iliyosaka majahazi ya watumwa kwenye pwani ya Msumbiji, yaani maji haya haya yanayoonekana kutoka mdomo wa Ruvuma. Alipostaafu aliagiza gari la mbao za mkangazi, akaliita The Wanderer, akalifunga farasi wawili na kutoka kusini mwa Uingereza mpaka Inverness, Skoti. Mtumishi wake alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuwaonya watu wapishe njia. Utingo wa kwanza wa karavani, kama unataka kumpa cheo.

The Wanderer lilikuwa na uzito wa karibu tani mbili. Kwenye vilima vya Skoti farasi waliteseka. Miaka kumi na tisa kabla ya hapo, mwaka 1866, David Livingstone alishukia Mikindani na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda, akapanda nao kufuata Ruvuma. Njia ilibidi ikatwe kwa shoka ili ngamia wapite na mizigo yao, na wanyama wakaisha mmoja mmoja kwa mizigo, mapigo na maradhi. Bonde hili halijaanza jana kuuliza mgeni amebeba kiasi gani.

Msafara mrefu wa Afrika

Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwenye kampuni ya Airstream, aliongoza matela 41 ya alumini inayong'aa kutoka Cape Town kwenda Cairo. Walipita Uganda na Kenya, wakaingia Ethiopia, ambako Mfalme Haile Selassie aliwapokea. Picha yao maarufu ni ile ya Giza, matela yamepangwa kwa duara chini ya piramidi. Picha hizo hazioneshi sana tope, ekseli zilizovunjika na siku za kuvutana. Hao walikuwa na mafundi, vipuri na magari makubwa ya kuvutia, na bado Afrika iliwachelewesha.

Linalonipendeza mimi lilikuja baadaye. Mwaka 1961 kampuni hiyo hiyo ilitoa tela dogo la futi 16, lenye ekseli moja, la kilo 850 hivi, likaitwa Bambi. Mtu aliyevuka bara zima na matela marefu alirudi kwao akauza dogo. Hiyo kwangu ni ripoti ya safari iliyo kamili kuliko picha zote za piramidi.

Airstream ndio pia wenye rekodi ambayo haitavunjwa karibuni, ya abiria waliotoka mbali kuliko wote kabla ya kulala ndani ya tela. Julai 1969 Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins walitoka mwezini wakafungiwa ndani ya moja lililorekebishwa, kwa hofu kwamba wangeleta vijidudu duniani. Tela la namna hiyo lingefika Kitaya kwa ndege.

La kasi

Tarehe 24 Oktoba 2003, kwenye uwanja wa ndege za kijeshi wa Hoedspruit, Afrika Kusini, Eugene Herbert alivuta karavani kwa Mercedes-Benz S600 akafikisha kilomita 223.881 kwa saa. Rekodi hii naitaja kwa sababu moja: msiijaribu kusini mwa Rufiji. Ile ilikuwa njia ya ndege, imenyooka, haina mbuzi. Tela likizidi mwendo huanza kucheza mkia, na likishaanza, kinachoendesha gari si dereva tena.

Familia iliyokwenda mbali

Herman na Candelaria Zapp, mke na mume wa Argentina, waliondoka kwao mwaka 2000 na gari aina ya Graham-Paige la mwaka 1928. Walirudi 2022, wamepita nchi 102 na kilomita 362,000 hivi, Afrika ikiwamo, na watoto wanne waliozaliwa njiani, kila mmoja katika nchi yake. Hawakuvuta tela. Walilala kwenye hema, ndani ya gari na kwa watu waliowafungulia milango. Ukitaka kujua familia inahitaji vitu vingapi hasa, anza na hao, ndipo uende dukani.

Dogo

Lililoingia kwenye vitabu kwa udogo ni QTvan, la Uingereza: urefu mita 2.39, kimo mita 1.53, upana sentimita 79. Huvutwa na kigari cha umeme cha wazee na watu wenye ulemavu. Analala mtu mmoja. Mama, baba na watoto watatu watabaki wanalitazama.

Jepesi

Hapa ndipo penye mambo. Ray Olecko wa Winnipeg, Kanada, alikuwa ameshabuni tangi la maji taka la faiba badala ya la zege. Akaona kama faiba inaweza kukaa ardhini na uchafu bila kuoza, haishindwi kukaa juu ya magurudumu na watu. Mwaka 1968 akatoa Boler, tela la futi 13 lililofinyangwa kwa vipande viwili, cha juu na cha chini, vikaunganishwa kiunoni kama yai. Uzito wake mtupu haukufika nusu tani. Ndani mlikuwa na vitanda, meza na jiko dogo, na gari dogo la nyumbani lililivuta. Mengine ya miaka ile bado yanatembea, maana kuta zake hazina ubao wa kuoza wala maungio mengi ya kuvuja.

Kwa pwani yetu hiyo ni hoja nzito kuliko ghorofa tano. Hewa ya Mtwara ina chumvi. Chuma kisichopakwa zinki huanza kububujika kutu kwenye maungio, na alumini iliyofungwa kwa misumari ya chuma huliwa pale pale vinapogusana. Matela mapya mepesi hujengwa kwa faiba, alumini au paneli zenye povu katikati, na fremu iliyozamishwa kwenye zinki. Betri nazo zimepungua uzito: ya lithiamu ya saa-ampea 100 ni kilo 12 hivi, wakati ya risasi ya ukubwa huo inakaribia 30. Ongeza sola moja juu ya paa na taa za LED, watoto watasoma usiku bila jenereta.

Fundi wa kuchomelea naye atakushawishi upande wa pili. Ukimweleza unataka tela la familia, atagonga bomba la chuma ubavuni mwake na kusema:

"Bosi, hili ndilo. Hata tembo akipanda, halipindi."

"Fundi, mimi sibebi tembo."

"Barabara zetu unazijua lakini."

Anazijua, na kukatika kwa mkono wa tela amekuona. Ila kila kilo anayoongeza kwenye fremu unaikata kwenye maji au chakula, au gari linaibeba kwenye klachi. Mwambie aweke nguvu kwenye mkono, kwenye springi na kwenye maungio ya ekseli, na abanie kwenye kuta. Beringi na matairi yawe ya aina inayopatikana Mtwara mjini. La maana kuliko yote ni magurudumu ya tela yawe na nati na ukubwa sawa na ya gari lenu, na yapite kwenye nyayo zile zile. Hapo spea tairi moja inahudumia vyote viwili, na kwenye mchanga tela linafuata njia iliyokwisha kushindiliwa badala ya kuchimba yake.

Sasa mizani. Watengenezaji hutangaza uzito mtupu, na hakuna anayesafiri na tela tupu. Chukua watu watano, siku tatu, lita kumi kwa kila mtu kwa siku za kunywa, kupika na kunawa: ni lita 150, yaani kilo 150, madumu saba na nusu ya lita 20. Ongeza mtungi wa gesi, friji au kasha la barafu, magodoro, mchele, turubai, jeki na koleo. Kilo 300 zinafika bila anasa. Kwa hiyo tela la kilo 450 kwenye karatasi ni la kilo 750 barabarani, na 750 ndio mpaka ambao Ulaya na Afrika Kusini huruhusu tela lisilo na breki zake lenyewe. Ukipita hapo, dai breki, hata kama askari wa njiani hataziulizia. Mteremko wa Kitaya utaziulizia.

Soma pia kitabu cha gari. Land Cruiser ya mkonga huvuta hadi kilo 3,500 za tela lenye breki, lakini lisilo na breki ni 750 tu. Suzuki Jimny mpya ni 1,300 na 350. Tofauti hiyo ndiyo watu hawaioni wanaposema "gari langu lina nguvu". Kuvuta linaweza, na kusimama je?

Mzigo mzito ukae juu ya ekseli na mbele yake kidogo, kamwe si nyuma. Mkono wa tela ubonyeze ndoano ya gari kwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Ukitaka kujua, usikisie: ghala la chama cha msingi lina mizani ya korosho, na msimu ukiwa umekwisha karani hatakunyima. Weka mkono wa tela juu yake, soma. Tela la kilo 700 lioneshe 70. Likionesha 20, hamisheni madumu mbele.

Mkishafika

Ufukweni Msimbati ndiko familia nyingi zingeanzia. Iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na yenye kilomita za mraba 650, na kuna kiingilio. Anayetaka kuvuka na tela kwenda Msumbiji aache pantoni ya Kilambo, inayosubiri maji kujaa, akazunguke Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja, mita 720, lililofunguliwa Mei 2010. Kwanza lakini aulize hali ya usalama upande wa pili.

Kitaya yenyewe ilishambuliwa Oktoba 2020 na wapiganaji waliovuka kutoka Msumbiji, na watu waliuawa. Mgeni mwenye tela haegeshi tu popote. Mnapiga hodi kwa mtendaji wa kijiji, mnajitambulisha, mnaoneshwa pa kulala. Msichague ukingo wa mto kwa ajili ya mandhari: kiboko hupanda usiku kula majani, na mamba hahitaji kupanda mbali.

Mchangani Msimbati punguzeni upepo, wa gari na wa tela pia, kufikia pauni 20 hivi. Wengi hukumbuka gari wakasahau tela, kisha wanashangaa linavyovuta nyuma kama nanga. Bebeni pampu ndogo ya umeme wa gari, na mjaze tena kabla ya kukanyaga lami, kwa sababu tairi laini kwenye lami ya moto hupata joto upesi na huweza kupasuka.