Dawa Iliyomo Chunguni

Katika miaka ya 1960, madaktari wa Chuo Kikuu cha Makerere waliona jambo la kuhuzunisha katika Hospitali ya Mulago, mjini Kampala. Mtoto mwenye unyafuzi alitibiwa, uvimbe ukaisha, akarudishwa nyumbani. Kisha akaletwa tena, miguu imevimba kama kwanza. Chungu cha nyumbani kilikuwa kile kile.

Ndipo chuo hicho kiliposhirikiana na watumishi wa afya wa serikali, kikaanzishwa kituo cha Mwanamugimu, jina la Kiganda lenye maana ya mtoto mwenye afya. Hapo mama hakukaa kando akitazama. Alipika mwenyewe kitobero: matoke au viazi pamoja na maharagwe, karanga au samaki, vikapondwa na kuivishwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Akamwona mwanawe akirudiwa na nguvu kwa vyakula vya shambani mwake, akarejea kijijini na maarifa ya kuwagawia majirani.

Somo hilo lafaa hata leo katika kila nyumba, kambini na kijijini. Matoke matupu hushibisha tumbo, lakini hayatoshi kuujenga mwili wa mtoto. Elimu ya chuo kikuu hukamilika ifikapo jikoni.