Dirisha linang'aa, saloni inakuwa giza: namna ya kupiga foto ya nyumba

Baba iko Kamituga mu shimo, mama iko Bukavu anatafuta nyumba ya kupanga. Komisionere anatuma foto tatu kwa WhatsApp, halafu anaomba garanti. Mu kila foto dirisha ni jeupe kama karatasi, kuta ni nyeusi kama zimepakwa makaa. Feza itatoka, lakini nyumba haijaonekana.

Kwa mchimbaji wa Kamituga, Shabunda ao Misisi, foto ya telefone ndiyo macho yake mu Bukavu. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna ya kuipiga, na namna ya kuidai.

Sababu ya giza hiyo, wachimbaji wanaijua tayari. Ukitoka mu shimo saa sita ya mchana, jua linakupofusha. Ukirudi ndani, unaona giza tupu mpaka macho yazoee. Mu saloni macho yanajirekebisha kila tunapogeuka, kwa hiyo tunaona ukuta na tunaona ziwa kule inje. Telefone inachagua kipimo kimoja cha mwanga kwa foto nzima. Dirisha likiwa kubwa mbele yake, inapunguza mwanga, na ukuta unazama.

Dawa ya kwanza haina bei: geuka. Simama karibu na dirisha, ulipe mgongo, upige ukuta wa mbele. Mwanga uleule uliokuwa unakusumbua sasa unakusaidia.

Kama dirisha lazima lionekane, gusa kwa kidole sehemu ya giza kwenye kioo cha telefone. Chumba kitafunguka, dirisha litakuwa jeupe. Halafu gusa dirisha na upige tena: sasa utaona kilicho inje, kama ni bonde, ao ukuta wa jirani, ao mteremko. Foto mbili kwa kila chumba, moja ya ndani na moja ya dirisha. Telefone zenye HDR zinajaribu kuunganisha vipimo hivyo mu foto moja. Inasaidia, lakini shika telefone bila kutikisika.

Saa nayo inahesabika. Asubuhi jua linatokea upande wa Rwanda, kwa hiyo madirisha ya upande ule yanawaka; yapige mchana. Ya magharibi, yapige asubuhi. Ao ngoja jioni, kisha saa kumi na mbili kupita kidogo, uwashe taa: kwa dakika chache mwanga wa inje na wa ndani vinakaribiana. Usingoje sana, hapa kwetu usiku unaingia mbio. Rido nyepesi pia inapunguza ukali wa jua.

Flash, tuiache. Haifiki mbali, inarudi kwenye kioo cha dirisha, tena inafanya ukuta uonekane laini kuliko ulivyo. Na hapo ndipo hatari iko. Bukavu ni mji wa milima. Pale Funu, mu komine ya Kadutu, udongo unateleza polepole tangu zamani, na nyumba zinapasuka. Ufa unaonekana mwanga ukitoka kando. Chukua toroshi, ile mnayofunga ku kichwa mu shimo, uiweke karibu kabisa na ukuta, imulike sambamba nao. Kila ufa utaweka kivuli. Usisahau kona za plafon, ndipo maji ya mvua yanaacha alama.

Futa lensi kabla ya kuanza. Foto ya ufa, itume kama dokima, maana WhatsApp inapunguza uzito wa foto za kawaida na alama ndogo zinapotea.

Komisionere akikataa kuongeza foto ya pili, msitume garanti. Shemeji ao dada aende kwanza kuona kwa macho yake, na kama inawezekana, siku ya mvua.