Je, serikali inaweza kufunga Bitcoin? Angalia mlango, si mtandao

Swali hili linatufikia mara nyingi, na kwa kawaida linakuja na jibu lake tayari: "Si kripto haina mwenyewe? Basi serikali itaifungaje?" Tunaelewa linatoka wapi. Mtu aliyechoka na kodi, na ambaye haamini sana wakubwa, lazima avutiwe na pesa ambazo hakuna mkubwa anayezishika. Lakini jibu lina sehemu mbili, na ile ya pili ndiyo huumiza watu mfukoni.

Mtandao wenyewe haufungiki kirahisi

Bitcoin ilianza Januari 2009. Haina makao makuu wala mkurugenzi wa kuitwa mahakamani. Daftari lake la miamala limenakiliwa kwenye maelfu ya kompyuta katika nchi nyingi. Ukizima kompyuta moja Nairobi, zingine zinaendelea tu. Kwa hilo, wanaosema "haizimiki" wako sawa.

Mlango unafungika

Lakini wewe unalipwa kwa shilingi. Nauli ni shilingi, unga ni shilingi, karo ni shilingi. Ili pesa yako iingie kwa kripto, au itoke, lazima ipite mahali: benki, pesa za simu, au soko la kubadilishia sarafu. Mengi ya hayo yana ofisi na watu wanaoweza kuitwa wajieleze. Sisi pia ni mlango wa aina hiyo, na wacha tuseme wazi: sheria ikisema tufunge, tutafunga.

Nigeria walijaribu

Oktoba 2020, vijana wa Nigeria waliandamana kupinga kikosi cha polisi cha SARS. Kundi la wanawake la Feminist Coalition, lililokuwa likikusanya michango, lilipata shida na akaunti ya benki, likahamia Bitcoin. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 2021, Benki Kuu ya Nigeria iliagiza mabenki yafunge akaunti za wanaofanya biashara ya kripto.

Je, biashara ilikufa? La. Ilihamia mtu kwa mtu: mimi nakutumia naira, wewe unanitumia sarafu. Hata serikali ilipozindua naira yake ya kidijitali, eNaira, Oktoba 2021, watu wengi hawakuikimbilia. Desemba 2023 Benki Kuu ililegeza, ikaruhusu mabenki kuhudumia kampuni za kripto zenye leseni.

Kwa hivyo nani alishinda? Marufuku haikumaliza kripto, ni kweli. Lakini kwa karibu miaka mitatu, mwananchi wa kawaida alifanya biashara gizani. Akitapeliwa, hakuwa na mahali rahisi pa kulalamika. Mlango ukifungwa, tapeli hapotei. Anayepotea ni yule wa kukusaidia.

Kenya tuko wapi?

Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilionya kwamba Bitcoin si pesa halali nchini na kwamba haina ulinzi. Haikuishia hapo. Septemba 2023 ilianza kodi ya asilimia 3 kwa thamani ya mali za kidijitali zinazouzwa au kuhamishwa. Mwaka 2025 kodi hiyo iliondolewa, ikaja ya asilimia 10 kwa ada zinazotozwa na watoa huduma. Kisha Oktoba 2025 ikatiwa saini sheria inayowataka watoa huduma hao wawe na leseni, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kwa ufupi: Kenya haijafunga mlango, imeweka askari mlangoni.

Unaweza kuwa humwamini huyo askari. Ni haki yako. Lakini kutomwamini hakufanyi njia ya panya iwe salama.

Kabla ya kutuma shilingi yako

- Uliza kama kampuni ina leseni, kisha thibitisha kwa mdhibiti mwenyewe. Picha ya cheti kwenye WhatsApp haitoshi.
- Ukiuza mtu kwa mtu, angalia salio lako. Meseji ya "umepokea" inaweza kuwa feki.
- Jina la aliyetuma pesa likitofautiana na la mnunuzi, simama hapo. Zikiwa za wizi, akaunti yako ndiyo itafungiwa kwa uchunguzi.
- Ukituma pesa za simu kwa namba isiyo sahihi, piga haraka kuomba zirudishwe. Bitcoin ikishathibitishwa, hakuna wa kupigia.
- Maneno 12 au 24 ya kufungua pochi yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.

Na mtu akikuuzia sarafu kwa maneno "hii serikali haiwezi kuigusa", muulize swali moja tu: "Nikiibiwa, nitamwendea nani?" Kama hana jibu, weka simu mfukoni.