Sheryl Crow: Mwalimu wa muziki aliyeanza kwa kuitikia

Machi 1, 1995, Sheryl Crow aliondoka kwenye hafla ya Grammy mjini Los Angeles na tuzo tatu, ikiwamo ya msanii bora mpya. "Mpya" huyo alikuwa na miaka 33, na alishapita darasani, kwenye matangazo ya biashara na katika ziara ya dunia ya Michael Jackson.

Alizaliwa Februari 11, 1962, Kennett, mji mdogo wa wakulima wa pamba katika jimbo la Missouri, Marekani. Baba yake, Wendell, alikuwa mwanasheria na mpiga tarumbeta. Mama yake, Bernice, alifundisha piano. Muziki aliukuta nyumbani, akausomea Chuo Kikuu cha Missouri huku akiimba katika bendi, na mwaka 1984 akahitimu shahada ya elimu ya muziki.

Ajira yake ilikuwa ualimu wa shule ya msingi karibu na St. Louis. Siku za kazi alifundisha, wikiendi akapanda jukwaani. Prodyuza Jay Oliver akamwita kuimba kwenye matangazo, na tangazo moja la McDonald's likamlipa dola 40,000, zaidi ya alichopata kwa miaka miwili ya kufundisha. Mwaka 1986 akaaga chaki, akahamia Los Angeles.

Huko akapata nafasi ya mwitikiaji katika ziara ya Bad ya Jackson, kuanzia 1987 hadi 1989. Wimbo wa "I Just Can't Stop Loving You" ulipofika, binti huyo mwenye nywele zilizotimuliwa kwa mtindo wa miaka ile alitoka safu ya nyuma, akaimba ana kwa ana na Jackson, kisha akarudi nyuma kuitikia. Maelfu walimwona bila kulijua jina lake.

Kampuni ya kurekodi muziki ya A&M ikampa mkataba. Albamu yake ya kwanza, iliyosimamiwa na prodyuza Hugh Padgham, ilikuwa itoke 1992. Crow akaona imepigwa msasa kupita kiasi, akaomba isitoke. Fedha zilikwisha kutumika, lakini ikazuiwa.

Ndipo akajiunga na wanamuziki waliokutana kila Jumanne katika studio ya prodyuza Bill Bottrell, Pasadena. Maneno ya wimbo "All I Wanna Do" yalitokana na shairi la Wyn Cooper, lililokuwa katika kitabu kilichookotwa kwenye duka la vitabu vilivyotumika. Agosti 1993 ikatoka albamu yenye wimbo huo, Tuesday Night Music Club. Mwanzoni ilisuasua, lakini wimbo huo ulipovuma mwaka uliofuata, mauzo yakapanda hadi mamilioni.

Sifa zikaleta ugomvi. Baadhi ya wenzake wa Jumanne walinung'unika kwamba mchango wao umefunikwa. Albamu iliyofuata ilipoanza kurekodiwa, Bottrell akajitoa mapema, na Crow akaisimamia mwenyewe. Maduka ya Walmart yakakataa kuiuza kwa sababu ya mstari mmoja wa wimbo ulioyataja kuhusu bunduki, lakini Crow hakuubadilisha. Ilitoka 1996 na mwaka uliofuata ikatwaa Grammy ya albamu bora ya roki. Waliotilia shaka uwezo wake wakajibiwa.

Msanii chipukizi anayeona haya kuitikia nyuma ya wengine, au anayekimbilia kutoa kazi isiyomridhisha, aisome vizuri historia hii. Crow alichelewa kutoka, lakini alipotoka alikuwa ameiva.