Sheria haitatulelea watoto: Muguka, uhuru na wajibu wa kila mmoja wetu

Tangu baadhi ya magavana wa Pwani wapige marufuku muguka mwezi Mei 2024, kila ninapoketi barazani nasikia hoja mbili zikigongana. Mmoja husema, "Ni mwili wangu na pesa ni zangu, wewe yakuhusu nini?" Mwingine hujibu, "Vijana wetu wanaangamia, serikali iko wapi?" Nimezisikiliza kwa muda mrefu na naona zina kasoro moja inayofanana. Kila hoja humwacha msemaji wake akiwa hana la kufanya. Wa kwanza anataka uhuru usio na wajibu. Wa pili anataka maadili, ila kazi yote ameiachia serikali.

Katika makala haya nataka nitenganishe maswali matatu ambayo tumezoea kuyachanganya. Je, jambo hili linaruhusiwa na sheria? Je, ni jema? Na je, ni nani anayewajibika?

Tuanze na sheria. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alitoa amri ya kuzuia muguka kuingizwa, kusambazwa, kuuzwa na kutumiwa katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata baada ya muda mfupi. Viongozi wa Embu, ambako zao hili hukuzwa hasa upande wa Mbeere, walienda kwa Rais William Ruto, naye akasema marufuku hiyo haina nguvu kwa kuwa muguka unatambuliwa na Sheria ya Mazao ya mwaka 2013 na Kanuni za Miraa za mwaka 2023. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasimamisha amri za magavana ili kesi isikilizwe.

Mvutano huo una mzizi ndani ya Katiba yenyewe. Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la kudhibiti dawa za kulevya, huku sera ya kilimo ikiwa mikononi mwa serikali kuu. Kwa hivyo jani lilelile likiwa shambani Mbeere linaitwa zao, na likifika Kongowea linaitwa dawa ya kulevya. Wataalamu nao hawajawahi kuafikiana. Shirika la Afya Duniani liliitaja miraa mwaka 1980 miongoni mwa vitu vinavyoweza kumfanya mtu awe tegemezi. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, ingawa jopo la washauri wa serikali hiyo lilikuwa limependekeza isipigwe marufuku.

Nayataja haya ili msomaji aone jambo moja. Anayesubiri sheria imwambie lililo jema atasubiri sana, tena jibu atakalopewa Jumatatu laweza kubadilishwa Jumanne. Sheria ina kazi yake, nayo ni kuweka mpaka ambao ukiuvuka utaadhibiwa. Haina kazi ya kukuambia namna ya kuishi ndani ya mpaka huo. Kumsengenya jirani si kosa la jinai. Kumtelekeza mzazi mzee kijijini bila hata kumpigia simu hakutakupeleka Shimo la Tewa. Lakini hakuna anayeyaita mambo hayo mema.

Sasa tuje kwa yule wa "mwili wangu, pesa zangu." Hoja yake si ya kupuuzwa. Mwingereza John Stuart Mill aliandika kitabu kizima kuihusu mwaka 1859, akisema kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa ajili ya faida yake mwenyewe. Inaweza kumzuia tu pale anapowadhuru wengine. Katiba yetu ya 2010 haiko mbali na fikra hiyo. Kifungu cha 24 kinasema haki inaweza kuwekewa mipaka kwa sheria tu, na kwa sababu za msingi, mojawapo ikiwa kuhakikisha kwamba mtu anapofurahia haki zake hazivurugi haki za wengine.

Mimi nakubali kanuni hiyo. Mtu mzima aliyefanya kazi yake, akalisha watu wake, kisha akaamua kuketi na wenzake kula muguka siku ya Jumamosi, siwezi kumwita mhalifu. Naweza kumshauri tu. Nitamwambia kwamba ndani ya jani hilo mna kemikali iitwayo kathinoni, ndugu wa amfetamini, inayopandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu na kuondoa usingizi na hamu ya kula. Nikishamwambia, uamuzi ni wake.

Lakini kanuni hiyohiyo ina upande wa pili ambao watetezi wake mtaani huwa hawaufikii. Swali ni kama kweli anayedhurika ni wewe peke yako. Baba anayemaliza usiku maskanini na kushinda amelala mchana, karo ya watoto italipwa na nani? Dereva wa tuktuk ambaye hajalala siku mbili, hatari anayoibeba ni ya mwili wake au ya abiria watatu walio nyuma? Mke anayeamshwa kwa ugomvi saa tisa za usiku, naye aliulizwa hiari yake? Mara nyingi kile tunachokiita maisha yangu hulipiwa na mtu mwingine. Ukitaka kujua kama jambo ni lako peke yako, usiangalie nani anayefurahia. Angalia nani anayelipa.

Halafu kuna watoto. Muguka ni rahisi kuliko miraa ya Meru, na mwanafunzi mwenye pesa ya chakula cha mchana anaumudu. Hapa hoja ya uhuru inakatika kabisa, kwa sababu Mill mwenyewe aliandika kwamba kanuni yake haiwahusu watoto. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yapewe uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu, na kinawapa baba na mama jukumu lililo sawa la kumtunza, wawe wameoana au la. Wanaume wengi wa mtaani kwetu wangefaa kukisoma kifungu hicho mara mbili.

Niliwahi kumuuliza mama mmoja anayeuza muguka karibu na stendi kwa nini huwauzia hata wenye sare za shule. Hakukasirika. Aliniambia, "Mwanangu, nisipouza mimi, kibanda cha pili atauziwa. Na wangu nyumbani wale nini?"

Jibu hilo si la mtu mbaya. Ni la mtu aliyebanwa na maisha, na kabla hatujamhukumu tukumbuke kwamba hata mkulima wa Mbeere, kwenye ardhi kavu isiyozaa mahindi ya kutosha, hulipa karo kwa jani hilohilo. Lakini lile neno "nisipouza mimi, mwingine atauza" linahitaji kuchunguzwa, maana si lake pekee. Ni neno la polisi anayepokea hongo, la mpiga kura anayepokea mia mbili, la karani anayeficha faili. Likikubaliwa, hakuna anayewajibika kwa lolote, kwa kuwa siku zote yupo mwingine ambaye angefanya. Kosa lake ni kuchanganya mambo mawili: kitakachotokea duniani, na kitakachofanywa na mkono wangu. Inawezekana kweli mtoto yule atanunua kwingine. Lakini kwingine huko si kwangu. Mimi naulizwa la kwangu. Na vibanda vitano vikikataa, safari ya yule mtoto inakuwa ndefu, na pengine siku hiyo pesa itanunua chapati kama ilivyokusudiwa.

Lugha yetu ina neno linaloweza kutusaidia hapa. Katika Pwani ya zamani, muungwana alikuwa mtu huru, asiyekuwa mtumwa. Leo tukisema fulani ni muungwana tuna maana kwamba ana adabu, hujizuia, huona haya kufanya lisilofaa. Neno moja limebeba uhuru na maadili pamoja. Sisemi hivi kuzisifu enzi hizo. Waungwana wengi wa wakati ule walimiliki binadamu wenzao, na hilo halina uungwana wowote. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika Pwani ya Kenya mwaka 1907. Wenye hekima walikuwa na usemi wao: muungwana ni kitendo. Yaani hauzaliwi nao wala hauupati kwa kujisifu. Unaonekana kwa unachokifanya.

Kwa kipimo hicho, aliye huru ni anayeweza kujiambia "basi" akatii, na anayefanya lolote analotaka bila kuweza kujizuia bado hajaufikia uhuru. Kijana ambaye hawezi kwenda kazini mpaka atie jani mdomoni, alianza kwa hiari lakini sasa hiari hiyo iko wapi? Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Uraibu huanza na la kwanza na kuishia na la pili, na aliyenaswa anahitaji matibabu na watu wa kumshika mkono, si matusi.

Kwa hivyo naiona hesabu ya wajibu kuwa hivi. Kaunti na serikali kuu zina sehemu yao: kuzuia uuzaji kwa watoto, kuweka vibanda mbali na shule, kufungua vituo vya kuwasaidia waraibu, na kutafutia vijana kazi ili wasishinde maskanini. Tuwadai hayo bila kuchoka. Lakini gavana hataketi na mwanao saa mbili za usiku kumuuliza alikuwa wapi. Rais hatamwambia rafiki yako kwamba ameanza kupotea. Mahakama haitakupokonya pesa ya unga uliyokusudia kupeleka kwingine. Sehemu hiyo ni yako na yangu, na haihitaji amri ya mtu wala haisimamishwi na kesi.

Wiki hii, msomaji, anza na dogo. Kama unauza, mkatalie mmoja mwenye sare. Kama ni mzazi, mwulize mwanao swali moja na usubiri jibu mpaka mwisho. Kama unakula, jaribu siku tatu bila, ujipime kama bado wewe ndiye unayeamua. Na kama hufanyi lolote kati ya hayo ila unajua jirani aliyezama, mpitie, mjulie hali. Barazani tutaendelea kubishana, na ni vizuri tubishane. Lakini kila mmoja aje akiwa ameshafanya sehemu yake.